Mhandisi wa reli ana sanamu yake Montana. Stesheni ya Moshi tungeweka ya nani?

Relini_Njoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chapati jikoni akageuze kwanza.

Kuna sanamu ya shaba huko Marekani, jimbo la Montana, mahali panapoitwa Marias Pass, jirani kabisa na reli. Mtu kasimama na koti zito la baridi. Ni John F. Stevens, mhandisi wa reli. Ilizinduliwa 1925 na mwenyewe akiwepo, mzee wa miaka 72. Huku kwetu mtu husifiwa siku ya maziko, tena na watu waliomkopa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1889 tajiri James J. Hill alikuwa anasukuma reli yake ya Great Northern kuelekea Bahari ya Pasifiki, na mbele yake imelala Milima ya Rocky. Habari za pengo la kupitia milimani lililo chini kuliko mengine, ndilo hilo la Marias Pass, zilikuwepo, ila mhandisi wa kulithibitisha hakuwepo. Stevens akatumwa Desemba, baridi imeshakomaa. Akatafuta muongozaji kwa wenyeji wa kabila la Blackfeet, wote wakakataa. Aliyekubali ni mmoja aitwaye Coonsah, mtu wa kabila jingine aliyekuwa akiishi kwao.

Wakaingia mlimani kwa viatu vya theluji. Tarehe 11 Desemba Coonsah akaishiwa nguvu. Stevens akamwashia moto, akamwacha pale, akasonga mwenyewe mpaka akalifikia pengo. Giza likamkuta huko huko. Akakanyaga kanjia kwenye theluji na kukatembea kwenda na kurudi usiku kucha asije akaganda, baridi imefika nyuzi 40 chini ya sifuri. Kulipokucha akarudi, akakuta moto umezima na Coonsah yuko taabani. Wakatoka wote wawili wazima.

Pengo lile liko kama mita 1,590 juu ya usawa wa bahari, na Hill alipunguza safari ya reli yake kwa zaidi ya maili 100. Mwaka 1893 reli ikaunganishwa mpaka Pasifiki. Leo hii treni za mizigo bado zinapita pale pale, na ya abiria ya Amtrak pia.

Sasa rudini nyumbani. Mwaka huo huo wa 1889, tarehe 6 Oktoba, wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Miezi miwili tu kabla ya Stevens. Wazungu watatu, milima miwili, na pande zote mbili kuna mwenyeji aliyetangulia mbele kuonyesha njia kisha akabaki nyuma ya hadithi. Wana Moshi hamhitaji kuelezwa kazi ya kumpeleka mgeni mlimani ikoje. Nusu ya mtaa wangu inaishi kwa kazi hiyo.

Sina ugomvi na Stevens. Alifanya kazi ngumu na ya maana, sanamu ni haki yake. Kinachonikera ni kule kusimama kwake peke yake, kana kwamba pengo lilikuwa linamsubiri yeye. Wenyeji walipita pale vizazi kwa vizazi kabla hajazaliwa.

Hapa Moshi tuna sanamu ya askari pale kwenye mzunguko, tuna mnara wa saa, na reli ndiyo iliyouleta mji huu hapa ulipo. Kuhusu walioijenga hiyo reli, hakuna kitu. Tukiambiwa tuweke kumbukumbu moja pale stesheni, iwe ya nani? Mhandisi Mjerumani? Vibarua? Au tuache fedha ziende kwenye mifereji?

Karibuni.

MangiMtaani

Mifereji. Uzi ufungwe.

DadaKiboriloni

Mimi nashuka stesheni na magunia yangu, natafuta choo na kivuli. Hiyo sanamu yenu ikiwa na paa nitaiunga mkono.

Mgumu_wa_Mlimani

Kaka Relini, umenigusa, maana nimebeba mizigo mlima huu tangu nikiwa kijana. Getini mzigo unawekwa kwenye mizani, kilo 20 mwisho, na bado mgeni akifika kileleni anapiga picha na kibao, wewe uko kambi ya Barafu unakuna sufuria.

Ila naomba tuwe waangalifu kidogo na historia. Watu wengi husema mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye aliyempandisha Meyer hadi kileleni. Kwamba alikuwa muongozaji maarufu kwa miaka mingi, hilo halina ubishi. Kama alikuwemo kwenye msafara ule wa 1889 na alifika wapi, watafiti bado wanavutana. Kwa maandishi ya Meyer mwenyewe waliofika juu ni wawili, yeye na Purtscheller. Na aliyebaki nao kambi ya juu kabisa, kwenye baridi ile, alikuwa Mwinyi Amani, mtu wa Pangani. Mswahili wa pwani, hajawahi kuona barafu, anawatunzia kambi wazungu wawili. Huyo simsikii popote.

Hoja yangu: tukitaka kuwatetea watu wetu tusiwatungie mambo. Mwinyi Amani hakufika kileleni na bado anastahili jina lake liandikwe, kwa kile alichofanya kweli.

Relini_Njoro

Asante mgumu. Nakubali kabisa. Na Coonsah ni hivyo hivyo, yeye hakufika kwenye pengo. Alifika alikofika.

Fundi_Chuma

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi ni fundi, na naona mnamwonea mhandisi.

Mnasema wenyeji walilijua pengo. Sawa. Mtu na farasi wake wanapita popote. Treni haipiti popote. Gurudumu ni chuma, reli ni chuma, na chuma juu ya chuma kinateleza. Tani moja ya mzigo kwenye tambarare unaivuta kwa nguvu ya kama kilo mbili au tatu tu, ndiyo maana reli ni rahisi kuliko lori. Lakini weka mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, mwinuko ambao ukiwa kwa miguu huwezi hata kuuona, na tani ile ile inadai kilo 10 nyingine juu ya zile. Kwa hiyo kichwa kilichokuwa kinavuta mabehewa 40 sasa kitavuta 10 au chini ya hapo. Ongeza kona, ongeza mvua, ndiyo basi tena.

Swali la mhandisi halikuwa "je, kuna njia?" Lilikuwa "je, njia ina mwinuko gani, kwa urefu gani, na itagharimu nini kila siku kwa miaka 100 ijayo?" Mwenyeji hakuwa na sababu ya kulijibu hilo. Stevens ndiye aliyelijibu, na treni zinazopita pale leo ndizo ushahidi wake.

Mkitaka mfano wa hapa, tazameni mji wenu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Kilomita 352, upana wa mita moja. Angalieni ilivyopita: imeambaa na Usambara, ikaambaa na Pare, imekaa bondeni muda wote, haijathubutu kupanda. Kutoka baharini mpaka hapa ni kama mita 800 za kwenda juu, ukizigawa kwa hizo kilomita unapata mwinuko wa mita mbili na kitu kwa kila kilomita. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua anachofanya.

Na Moshi yenyewe ilikuwa wapi? Juu, Old Moshi, kwa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa kule. Ngome ya Mjerumani ilikuwa kule. Treni haipandi kule, kwa hiyo mji ukashuka kuifuata treni. Soko, benki, stendi, vyote mnavyovijua viko hapa chini kwa sababu ya mwinuko. Mnasema mhandisi hana sanamu Moshi? Mnatembea juu yake.

MangiMtaani

Sasa hapo kwenye "mnatembea juu yake" nimeshtuka, nikatazama chini.

Old_Moshi_Damu

Fundi, umepita haraka kwa Mangi Meli, ngoja nikurudishe. Alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, na wenzake, kwenye mti ambao tunaujua. Reli ikafika miaka 11 baadaye. Mji "haukushuka" wenyewe kama mbuzi anayefuata majani. Ulishushwa na wenye bunduki, waliokuwa wameshamaliza kazi juu.

Na kodi ya nyumba ilianza 1898. Ulipe kwa fedha, na fedha ziko kwenye mashamba ya mkonge na kwenye tuta la reli. Huko mtu alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, nyapara asipoisaini siku yako haihesabiki. Hesabu zako za kilo 10 kwa tani ni nzuri, lakini lile tuta lote la udongo lilibebwa kwa karai na jembe. Waliobeba wengi walitoka mbali, Wanyamwezi na Wasukuma. Sisi Wachaga tusijifanye ndio tuliojenga kila kitu.

Fundi_Chuma

Nimekupata. Sijakataa hata moja. Nilikuwa nazungumzia mwinuko.

Old_Moshi_Damu

Najua. Ndio tatizo lenyewe, mafundi mnazungumzia mwinuko.

Kijana_wa_Sakina

Habari kutoka Arusha. Sisi tuna mnara wa saa ambao wanasema ni katikati ya Cape Town na Cairo, tumeshaukubali, hatuulizi maswali. Nyinyi Moshi mna treni tangu 1911, sisi tumesubiri hadi Mwingereza alipotuletea 1929. Kwa hiyo tunajua kusubiri. Treni ya abiria ilipopotea tukasubiri tena, ikarudi Moshi 2019, kwetu 2020. Jengeni sanamu yenu, miaka 18 baadaye na sisi tutapata.

Mzee_wa_Kahe

Vijana wangu, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, mimi nasema yeye anaandika.

Nimefanya kazi ya njia tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki, kabla haijagawanywa 1977. Nilianza kibarua wa gengi, yaani kikosi cha kutunza njia, nikamaliza nyapara. Kahe ni jankisheni. Mstari mmoja unatoka Tanga, mwingine ulitoka Voi kwa Mwingereza. Huo wa Voi ulijengwa kwa haraka ya vita, 1915 na 1916, na wahandisi wa jeshi pamoja na makampuni ya reli ya askari wa India, ili wamfukuze Mjerumani Moshi. Machi 1916 Moshi ikachukuliwa, na Mjerumani akarudi nyuma kwa reli hiyo hiyo huku anavunja madaraja aliyoyajenga mwenyewe. Leo hakuna treni ya abiria inayotoka Kahe kwenda Voi.

Mnabishana nani awekewe sanamu. Nani aliiweka reli pale ni jambo la mara moja. Mimi nataka kuwaambia nani aliifanya ikae pale.

Asubuhi kabla jua halijawa kali gengi linatoka. Nyapara anatangulia, anapiga goti, anaweka shavu karibu na chuma, anafumba jicho moja. Anatazama uzi wa reli unavyokwenda mbele. Ukiwa mzima unauona umenyooka kama ulivyopigwa rula. Palipozama, hata kwa unene wa kidole, unaona kivuli. Anamwonyesha kijana aende, "mbele, mbele, hapo hapo," anaweka jiwe jeupe. Halafu jeki inaingia chini ya reli, inanyanyua kidogo kidogo, vijana wawili huku na wawili kule wanashindilia kokoto chini ya taruma, lile linalolala chini ya reli kuibeba, kwa sululu butu. Lazima wapige kwa pamoja, kwa wimbo, maana mmoja akizidisha taruma linakaa upande. Jeki inatolewa, nyapara anapiga goti tena. Bado? Mnarudia. Masika ndiyo mabaya zaidi, maji yanapita chini yanabeba udongo, kokoto zinabaki zinaelea, juu unaona reli imenyooka kumbe chini hakuna kitu. Hapo jicho halitoshi, unapiga taruma kwa nyundo unasikiliza.

Kila gengi lina kipande chake cha njia. Likiondolewa gengi, mhandisi wenu awe Mjerumani awe Mmarekani, masika mawili tu reli inakuwa mapambo. Tulipoona treni zinapungua tulijua kabla ya abiria kujua, maana magengi yalipungua kwanza.

Mgumu_wa_Mlimani

Shikamoo mzee wangu. Hii ndiyo sanamu. Mtu amepiga goti, amefumba jicho moja.

DadaKiboriloni

Shikamoo baba. Hiyo hata bila paa nitaiunga mkono.

Relini_Njoro

Shikamoo meku. Nilidhani naleta swali la watu wawili, mhandisi na muongozaji, kumbe kuna wa tatu ambaye hatukumtaja kabisa. Baba yangu alikaa nyumba za reli na mimi nimekulia hapo, na bado sikumfikiria.

Historia_Tupu

Nimechelewa, ila niongeze kitu kuhusu huyo Stevens kinachomuunga mkono mzee wa Kahe. Baadaye, 1905, alipelekwa Panama kuwa mhandisi mkuu wa mfereji. Alikuta kazi imevurugika, homa ya manjano inaua, watu wanakimbilia meli. Jambo la kwanza akasimamisha uchimbaji. Akampa daktari Gorgas nguvu zote za kupambana na mbu, akajenga nyumba na mabomba ya maji, akafumua reli ya zamani na kuweka nzito, kwa sababu aliona mfereji ule kimsingi ni kazi ya reli: udongo unachimbwa hapa, unatakiwa uondoke hapa. Aliacha kazi 1907 na sifa za kumaliza wakapata wengine. Kwa hiyo huyu mtu alijua kabisa kwamba kazi inasimama juu ya walio chini.

Lakini pale pale Panama malipo yaliandikwa kwenye daftari mbili, ya dhahabu kwa Wamarekani weupe na ya fedha kwa waliotoka Barbados, Jamaika na kwingineko. Katika kipindi cha Wamarekani walikufa zaidi ya watu 5,600, wengi wao wa daftari la fedha. Na hapa jirani, reli ya Uganda kutoka Mombasa, waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka India na kama 2,500 wakafa. Mhandisi mkuu wake, George Whitehouse, utamkuta kwenye vitabu. Hao 2,500 watafute.

Fundi_Chuma

Sawa, nimelegea. Lakini sikubali kumtoa mhandisi kabisa. Tukimtoa tutakuwa tumefanya kosa lile lile kwa upande wa pili. Watoto wa shule wakifika stesheni wajue kwamba kuna kazi inaitwa kupima, na kwamba mji wao ulikaa hapa kwa sababu mtu alipima. Wapo wanaoweza kuisomea.

Old_Moshi_Damu

Hapo tupo pamoja. Aandikwe kwa kazi yake, bila farasi na bila kofia.

Kijana_wa_Sakina

Swali la kisheria kutoka kwa anayesumbuliwa na sheria kila siku: jengo la zamani la reli si tayari linalindwa na idara ya Mambo ya Kale?

Historia_Tupu

Si kwa umri wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mlango wa mbao uliochongwa unalindwa ukiwa wa kabla ya 1940. Jengo la enzi ya Mjerumani linadondokea katikati: si zee vya kutosha, na si mlango. Mpaka waziri atangaze rasmi kuwa ni kumbukumbu. Kwa hiyo kama mnataka kitu, barua mbili: shirika la reli kwa ajili ya eneo, na Mambo ya Kale kwa ajili ya jengo.

MangiMtaani

Yaani mlango una haki kuliko stesheni. Nchi hii naipenda.

Relini_Njoro

Nimeandika rasimu ya kibao. Sanamu ni ghali, tuanze na kibao cha chuma, kikae ukutani pale abiria wanaposubiri, si kwenye mzunguko ambako hakuna anayesimama kusoma. Kwa Kiswahili. Ikosoeni:

"Reli hii ilitoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, kilomita 352. Wahandisi wa Kijerumani waliipima ipite bondeni, na mji ukahamia hapa kutoka Old Moshi. Tuta lilijengwa kwa mikono ya Wanyamwezi, Wasukuma na watu wengine wengi, baadhi yao wakisukumwa na kodi. Magengi ya njia yameitunza tangu hapo."

Old_Moshi_Damu

"Mji ukahamia" ondoa. Weka "utawala wa Kijerumani ukauhamishia mji hapa".

Fundi_Chuma

Weka "upana wa mita moja". Na weka urefu kutoka usawa wa bahari, kama mita 800, mtoto agawanye mwenyewe.

Mgumu_wa_Mlimani

Mstari wa mwisho upandishe uwe wa kwanza.

Mzee_wa_Kahe

Msiseme "yameitunza tangu hapo". Kuna miaka haikutunzwa, na nyasi tuliziona. Andikeni "magengi ya njia ndiyo yaliyoitunza ilipotunzwa". Na hicho kibao kifungwe kwa nati, kisichomelewe, ili mtakapotaka kukisahihisha msivunje ukuta.